Kura Saba, Nyota Zilezile Hamsini

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Ilikuwa Novemba 2024, wiki ya uchaguzi wa Marekani, na televisheni ya ukutani haikuwa na habari nyingine. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akasoma kwa sauti kutoka kwenye simu: "Puerto Rico wamepiga kura kuwa jimbo la Marekani."

Kinyozi akazima mashine. "Kwani Puerto Rico si Marekani tayari?"

Mzee aliyeketi kwenye benchi akasema hapana, ile ni nchi, ina bendera yake, na Olimpiki inakuja na timu yake. "Basi mzee wangu, sasa hivi nyota za bendera zitakuwa 51," kijana akasema. Ubishi ukaendelea mpaka upande wa pili wa kichwa ukaisha kunyolewa. Mimi nilikuwa kimya kwenye kona, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na kipande cha ukweli, na vipande vile havikai pamoja kirahisi.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya mkanganyiko huu ni wa Kiswahili. Mtanzania akisikia "jimbo" anamfikiria mbunge wake. Mkenya mwenye umri mkubwa kidogo anakumbuka siasa za majimbo za miaka ya uhuru. Mkongomani anafikiria mkoa mkubwa wenye gavana. Jimbo la Marekani ni kitu kizito kuliko vyote hivyo. Lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na polisi wake, na yapo mamlaka ambayo Washington haiwezi kuyanyang'anya hata ikikasirika. Majimbo hayo yako 50, na kila moja lina nyota yake kwenye bendera.

Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, nayo ina katiba, bunge, gavana na mahakama. Ukiitazama kwa mbali utaapa ni jimbo. Tofauti iko kwenye hati. Chukua nyumba ya familia ambayo ndugu hamsini wameandikwa majina kwenye hati. Uani kuna chumba, na ndani yake anaishi mtu ambaye ana ufunguo wake, anapika chakula chake, akiitwa kubeba mzigo anaitika, na watoto wake wanajulikana mtaani kuwa ni wa nyumba ile. Lakini jina lake halimo kwenye hati. Ndugu wakikaa kikao cha kuamua bati libadilishwe au ukuta ubomolewe, yeye anaruhusiwa kuketi na kusema. Wakinyoosha mikono, wake hauhesabiwi.

Mfano huo si wa kutia chumvi. Puerto Rico inapeleka mjumbe mmoja kwenye Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Anahutubia, anapeleka miswada, anapiga kura kwenye kamati. Ukifika wakati wa kura ya mwisho ya kupitisha sheria, hana kura. Kwenye Seneti hawana mtu kabisa. Na kumchagua rais hawaruhusiwi, ingawa ni raia wa Marekani tangu 1917 na wanatumikia jeshi lake.

Hapa ndipo kinyozi alikuwa na haki yake. Mtu wa Puerto Rico akipanda ndege San Juan, mji mkuu wa kisiwa, kwenda Orlando katika jimbo la Florida haombi viza, kwa sababu anasafiri ndani ya nchi yake. Akihamia Florida na kujiandikisha, anampigia kura rais kama mwenyeji yeyote wa pale. Akirudi kisiwani, haki hiyo inabaki uwanja wa ndege. Mtu ni yuleyule na pasipoti ni ileile, kilichobadilika ni ardhi aliyokanyaga. Ndiyo maana leo watu wenye asili ya Puerto Rico wanaoishi kwenye majimbo ni zaidi ya milioni 5, wakati kisiwa chenyewe kina kama milioni 3.2.

Hali hii ilianzaje? Kwa vita. Julai 25, 1898 wanajeshi wa Marekani waliteremka Guánica, kusini mwa kisiwa, wakipigana na Hispania iliyokuwa imekitawala kwa karne nne. Desemba mwaka huohuo Hispania ikakikabidhi kwa mkataba uliotiwa saini Paris, na wenye kisiwa hawakuulizwa. Miaka miwili baadaye likazuka swali la machungwa. Mfanyabiashara aliyapeleka kutoka San Juan hadi bandari ya New York akatozwa ushuru, kana kwamba yametoka nje ya nchi. Akaenda mahakamani: kama kisiwa ni Marekani, ushuru wa nini? Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ushuru ulikuwa halali. Kisiwa ni mali ya Marekani, majaji walisema, ila kwa mambo ya mapato si sehemu ya Marekani. Machungwa yameoza zaidi ya karne iliyopita, lakini mawazo ya hukumu ile na nyinginezo za wakati wake yanatumika mpaka leo.

Mwaka 1952 kisiwa kilipata katiba yake na jina jipya, Estado Libre Asociado, yaani, ukilichukua neno kwa neno, Dola Huru Shirikishi. Mwalimu wangu mmoja wa historia alikuwa akisema jina hilo lina uongo tatu katika maneno matatu. Alizidisha, ila si sana. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilisema, katika kesi ya jinai, kwamba chimbuko la mamlaka ya Puerto Rico ya kumshtaki mtu ni Kongresi, yaani bunge la Marekani. Mwaka huohuo Kongresi ikapitisha sheria ya kuunda bodi ya watu saba, wanaoteuliwa na rais wa Marekani, kusimamia fedha za kisiwa kilichokuwa na deni la zaidi ya dola bilioni 70. Bodi hiyo, ambayo mitaani San Juan inaitwa la Junta, ina uwezo wa kukataa bajeti iliyopitishwa na wabunge waliochaguliwa na wananchi. Hakuna hata mpiga kura mmoja wa kisiwani aliyemchagua mjumbe wake.

Sasa tuje kwenye kura. Kiswahili, ambacho kwenye "jimbo" kilituchanganya, hapa kinatusaidia, kwa sababu tunasema kura ya maoni. Wakenya Agosti 2010 walipiga kura ya maoni na ikawapa katiba mpya. Kwa hiyo tumezoea kudhani kwamba kura ya maoni ikipigwa, jambo limekwisha. Lakini waulize wagombea ubunge wa Tanzania kuhusu zile kura za maoni za ndani ya chama. Mtu anaongoza, wapambe wanamwimbia mpaka usiku, halafu jina linapanda kwenye vikao vya juu na kurudi limekatwa, aliyeteuliwa ni mshindi wa tatu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wapiga kura walitoa maoni, na wenye kuteua wakateua.

Kura za Puerto Rico ni za namna hiyo. Katiba ya Marekani inasema kwamba jimbo jipya linaingizwa na Kongresi, na inaipa Kongresi hiyohiyo mamlaka juu ya maeneo yasiyo majimbo. Haitaji asilimia ya kura. Wala haitaji kwamba wananchi waulizwe. Kura ya 2024 iliitishwa kisiwani, kama zile sita zilizotangulia, na hakuna sheria ya Washington iliyosema matokeo yake yatafuatwa. Kwa hiyo ukitaka kujua uzito wa kura ya aina hii, kabla ya kutazama matokeo uliza nani aliyeuliza swali.

Sisi wa pwani tunao mfano wa karibu. Mayotte, kisiwa cha Komoro kilichobaki na Ufaransa wakati visiwa vingine vitatu vilipojitangazia uhuru mwaka 1975, kinazungumza Shimaore, lugha ambayo mtu wa Lamu au Unguja akitega sikio atazipata shangazi na binamu za maneno yake. Machi 29, 2009 watu wake waliulizwa kama wanataka kuwa wilaya kamili ya Ufaransa, sawa na wilaya yoyote ya huko Ulaya. Asilimia 95 walisema ndiyo. Machi 2011 wakawa wilaya ya 101. Ilichukua miaka miwili tu, kwa sababu aliyeuliza swali ni serikali ya Ufaransa, na ilikuwa imekwisha kuamua kwamba jibu likiwa ndiyo itatekeleza. Walilipa pia gharama yake, maana makadhi walivuliwa kazi ya kuhukumu kwa sababu wilaya ya Ufaransa haiwezi kuwa na mahakama ya dini. Na Komoro, pamoja na Umoja wa Afrika, mpaka leo hawakitambui kitendo hicho. Hilo ni bahari nyingine, tusiivuke leo.

Turudi Karibi, tuzipitie zile kura saba. Nitakaa zaidi kwenye zile zenye vituko, kwani ndizo zinazofundisha.

Kwanza uwajue wachezaji. Siasa za kisiwa hazijagawanyika kwa kulia na kushoto kama kwingine. Zimegawanyika kwa swali hili hili. Chama chenye alama ya mnazi kinataka jimbo. Chama chenye alama ya mkulima aliyevaa kofia ya ukindu kinataka kubaki na mpangilio wa 1952, ukiboreshwa. Chama cha bendera ya kijani na msalaba mweupe kinataka uhuru kamili. Anayeshika serikali ndiye anayeandika swali, na kila anayeliandika analipinda kidogo lielekee kwake.

Mwaka 1967 kofia ilishinda wazi, asilimia 60. Mwaka 1993 ikashinda tena kwa tofauti ndogo, asilimia 48 na ushei dhidi ya 46 za jimbo. Mwaka 1998 serikali ilikuwa ya mnazi, na kwenye karatasi ya kura ikauelezea mpangilio uliopo kwa maneno ambayo watu wa kofia waliyaona ni matusi. Karatasi ilikuwa na machaguo matano, la mwisho likiwa "hakuna kati ya haya". Kofia wakawaambia wafuasi wao wachague hilo. Likashinda, kwa asilimia 50 na nukta kidogo. Yaani taifa zima liliitwa kuamua hatima yake, na aliyeshinda ni Hakuna.

Mwaka 2012 karatasi ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: unataka hali ya sasa iendelee? Asilimia 54 walisema hapana. La pili: bila kujali ulivyojibu juu, ungependa nini? Jimbo likapata asilimia 61. Vichwa vya habari vikashangilia. Lakini karibu watu nusu milioni waliliacha swali la pili tupu, na ukiziweka kura hizo tupu kwenye hesabu, jimbo linashuka chini ya asilimia 45. Ipi ni hesabu sahihi? Inategemea unamuuliza mnazi au kofia, nao walijibu hivyohivyo walipoulizwa Washington.

Ya 2017 ndiyo inayonukuliwa vibaya kuliko zote. "Asilimia 97 wanataka jimbo!" Namba hiyo ni ya kweli. Kweli vilevile ni kwamba waliojitokeza walikuwa asilimia 23 tu ya waliojiandikisha, kwa sababu vyama vingine viligoma. Ni sawa na kuitisha harusi ya ukoo, upande mmoja ukasusa, halafu ukatangaza kwamba waliohudhuria wote wameipenda pilau. Mwaka 2020 wakajaribu swali fupi, ndiyo au hapana, na ndiyo ikapata asilimia 52 na nusu. Hii kwa maoni yangu ndiyo kura safi kuliko zote saba, na imetajwa kidogo kuliko zote.

Halafu ikaja ile ya Novemba 2024 aliyoisoma kijana wa kinyozi. Kulikuwa na machaguo matatu: jimbo, uhuru, na uhuru wenye mkataba, ambapo nchi inajitawala lakini inaafikiana na Marekani kuhusu mambo kama ulinzi, kama walivyofanya Palau na Visiwa vya Marshall huko Pasifiki. Jimbo lilipata takribani asilimia 59, uhuru wenye mkataba kama 30, na uhuru kamili kama 12. Hali iliyopo haikuwekwa kwenye karatasi, na watu wengi waliitumbukiza karatasi yao ikiwa tupu. Kilichonishtua mimi ni ile 12, kwa kuwa mwaka 2012 uhuru kamili ulikuwa na asilimia 5 na ushei. Na siku hiyohiyo mgombea ugavana wa bendera ya kijani, Juan Dalmau, alimaliza wa pili, jambo ambalo miaka kumi nyuma ungelisema watu wangekucheka. Mshindi alikuwa Jenniffer González-Colón, wa mnazi.

Kuna maneno mawili matatu ambayo yanazunguka sana na yanafaa kunyooshwa.

La kwanza ni kwamba watu wa kisiwani hawalipi kodi, kwa hiyo wanakula bure. Ni kweli kwamba mshahara unaopatikana kisiwani kwa kawaida hautozwi kodi ya mapato ya serikali ya Washington. Lakini makato ya hifadhi ya jamii na ya bima ya afya ya wazee wanakatwa kama wengine, kisiwa kinatoza kodi yake ya mapato, na dukani kuna kodi ya mauzo ya asilimia 11.5. Na hicho "cha bure" kina upande wake wa pili. Kuna mzee mmoja aliyekuwa akiishi New York akipokea posho ya serikali kuu kwa watu wenye ulemavu na kipato duni. Mwaka 2013 akahamia Puerto Rico. Posho iliendelea kuingia kwa miaka kadhaa, kisha serikali ikagundua anuani yake, ikaisimamisha na kumdai arudishe zaidi ya dola 28,000, kwa sababu posho ile haitolewi kisiwani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu. Aprili 2022 majaji wanane dhidi ya mmoja walisema Kongresi ina haki ya kuwanyima wakazi wa kisiwa, na sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba hawalipi kodi nyingi za serikali kuu. Jaji pekee aliyepinga alikuwa Sonia Sotomayor, ambaye wazazi wake walitoka Puerto Rico.

La pili ni kwamba kuwa jimbo kutashusha bei ya kila kitu. Watu wanaitaja sheria ya 1920 inayotaka mizigo kati ya bandari za Marekani ibebwe na meli zilizojengwa Marekani, zenye bendera yake na mabaharia wake. Sheria hiyo inalalamikiwa sana kisiwani, na baada ya kimbunga Maria cha Septemba 2017, ambacho serikali ya kisiwa ilikubali makadirio ya vifo 2,975, ilisimamishwa kwa siku chache tu. Ila Hawaii ni jimbo tangu 1959, na sheria hiyo inaibana vilevile. Jina likiingia kwenye hati, meli zitabaki zilezile.

La tatu ni lile la mzee wa benchi, la timu. Puerto Rico imekuwa Olimpiki kwa jina lake tangu 1948. Mwaka 2004 mjini Athens timu yake ya kikapu iliwachapa Wamarekani 92 kwa 73, na mchezaji wake Carlos Arroyo akaivuta jezi yake mbele ya mashabiki ili jina la kisiwa lisomeke vizuri. Mwaka 2016 Monica Puig akawaletea dhahabu yao ya kwanza, kwenye tenisi. Likiwa jimbo, hayo yote yanatarajiwa kwisha, kwa sababu Hawaii haina timu yake wala Texas. Mzanzibari ataelewa hili bila kufafanuliwa. Mwaka 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwezi Machi, ikavuliwa Julai. Bendera uwanjani ni kitu ambacho watu hawakipimi kwa dola.

Basi kwa nini Kongresi haifanyi chochote? Jimbo jipya lingekuwa na maseneta wawili na wabunge kama wanne. Kwenye Seneti ambako mambo makubwa hupita kwa kura moja au mbili, maseneta wawili ni mlima. Warepublican wengi wanahofu kwamba hao watakuwa wa Democrat. Hofu hiyo ina kichekesho ndani yake, kwani gavana González-Colón mwenyewe ni Mrepublican, na aliyependekeza kisiwa kiwe jimbo mwishoni mwa 1976 ni Rais Gerald Ford, Mrepublican vilevile. Wademocrat nao hawana sauti moja, maana wapo wanaosikiliza mnazi na wapo wanaosikiliza kofia.

Mara moja tu katika miaka ya karibuni swali lilikaribia kuulizwa na mwenye hati. Desemba 15, 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 233 dhidi ya 191, muswada wa kuitisha kura ambayo Kongresi yenyewe ingeahidi kuifuata, jimbo au uhuru au uhuru wenye mkataba. Seneti haikuupigia kura. Januari 2023 Kongresi mpya ikaapishwa, na miswada ya Kongresi iliyopita hufa nayo. Kura ya 2024 ilipigwa bila sheria ya namna hiyo nyuma yake.

Kuhusu nyota, kijana alikuwa na swali zuri hata kama alikosea jibu. Sheria ya 1818 inasema nyota mpya inaongezwa Julai 4 inayofuata baada ya jimbo kuingizwa. Alaska iliingia Januari 1959, ikapata nyota yake Julai mwaka huo. Hawaii iliingia Agosti 1959, ikasubiri hadi Julai 4, 1960. Niliporudi kunyoa nilimkuta kijana yule tena, akaniuliza zimefika ngapi. Nikamwambia hamsini. Mzee wa benchi akataka kujua kama timu ya kikapu bado ipo.